Kinyongo kimetoka wapi

Sinza, Dar es Salaam

Rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, za hapo na watoto? Umeuliza kinyongo kimetoka wapi, na kama wanafunzi wako wa kigeni wanaweza kukitumia popote penye chuki. Hawawezi.

Anza na kuku. Ukimpasua, utaona kifuko cha kijani kimegandama kwenye ini. Hiyo ndiyo nyongo. Wakataji kuku wa pale soko la Kisutu hukitoa pamoja na kipande cha ini, kisu kikipita mbali nacho, maana kikipasuka nyama inakunywa uchungu na hata ukiosha hautoki. Palipoingia kijani panakatwa, panatupwa. Kinyongo ni uchungu wa namna hiyo, ila umefungiwa kifuani. Neno lenyewe ni la Kibantu (Wazulu nao nyongo huiita inyongo), halikutoka kwenye Kiarabu kama bughudha, husuda na uhasama. Atatokea wa kukwambia ni kutoka kunyonga, kama kifungo na kufunga. Umbo linaruhusu, ila maana yake inakataa. Mimi nakiweka jirani na kiungulia na kichefuchefu, mambo ya mwilini yanayomsumbua mwenyewe.

Sasa matumizi, ndiko wanakoteleza. Kinyongo lazima kiwe na kosa nyuma yake, hata kama ni la kudhania tu, na siku ziwe zimepita. Mtu akifoka kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi, hiyo ni hasira, itashukia kituo cha Kimara. Jirani anayenuna kwa sababu umeleta friji mpya ana kijicho, hukumkosea kitu. Bifu la vijana linataka watu wawili, na wote wajue. Kinyongo mmoja anatosha, na huyo unayemwekea anaweza kuwa anakuamkia kila asubuhi bila habari. Nongwa je? Mwenye nongwa ni yule aliyekuazima sukari robo akaikumbushia mpaka Idi. Kinyongo hunyamaza, nongwa husema.

Wazoeshe "na": ana kinyongo na shemeji yake. "Kinyongo dhidi ya" waachie magazeti. Vitenzi ni kuwa nacho, kuweka, na kutoa. "Vinyongo" utavisikia kwa nadra. Mfundo ni ndugu yake, unatoka kwenye fundo la kamba, lile tunalolifundika na kulifundua. Kwa hiyo kwenye mazoezi yao, mfundo ufunduliwe, kinyongo kitolewe, wasichanganye.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Zuhura