Barua kwa Zuhura kuhusu "I" na "me"

Tanga

Kwako rafiki yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi tu wazima, na watoto wanakusalimu. Barua yako niliipokea, na nimefurahi kwamba katikati ya habari za kazi yako mpya ya ukatibu umeniuliza jambo ambalo nimelifundisha darasani miaka mingi bila kulichoka. Unasema uliandika katika barua ya ofisi "Please contact the manager or me", mwenzako akaifuta "me" na kuweka "I" kwa madai kwamba hiyo ndiyo adabu. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi.

Viwakilishi vingi vya nafsi katika Kiingereza vina maumbo mawili. Anayetenda, yaani kiima, ni "I", "he", "she", "we" au "they". Anayetendwa, yaani yambwa, ni "me", "him", "her", "us" au "them". "You" na "it" hazibadiliki. Katika sentensi yako, meneja na wewe ndio mnaotafutwa, wala si mnaotafuta, kwa hiyo ni lazima itumike "me" hata kama meneja ametangulia kutajwa. Mwondoe meneja uone: hakuna anayeandika "Please contact I".

Hofu ya "me" huanzia shuleni. Mwanafunzi akisema "Me and Juma went to the market", mwalimu humkatiza: "Juma and I!" Masahihisho hayo ni ya haki, kwa kuwa wao ndio walioenda sokoni, lakini mtoto huondoka na nusu ya kanuni, akidhani kwamba "and I" ni lugha ya heshima popote pale, na akishakuwa mtu mzima huandika "between you and I" bila wasiwasi wowote. Baada ya vihusishi kama "between", "for", "with" na "to" hufuata umbo la yambwa, hivyo ni "between you and me". Mwenzako akiwa mbishi anaweza kumleta Shakespeare awe shahidi wake, maana katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, Antonio anamwandikia Bassanio kwamba madeni yao yamefutwa "between you and I". Ni kweli, ila Shakespeare hakuandika barua za ofisi za siku hizi, na msomaji makini wa leo atalihesabu kuwa kosa.

Ninaloliona mimi ni kwamba tofauti hii si ngeni kwetu hata kidogo, kwani tunaibeba ndani ya kitenzi. Ukisema "nilimwita" au "aliniita", hakuna anayekuuliza nani aliita na nani aliitwa. Kinachotuponza ni "mimi" na "yeye", maneno yanayosimama peke yake bila kubadilika: "Juma na mimi tulikwenda", "walituita Juma na mimi". Kwa hiyo ukisita kati ya "I" na "me", liache hilo neno "mimi" ukisikilize kitenzi. "Tu" ya "tulikwenda" imekaa mwanzoni, basi ni "Juma and I". "Tu" ya "walituita" imekaa karibu na mzizi, basi ni "Juma and me".

Hata hivyo, kitenzi hicho hicho hutuletea makosa mengine, ambayo katika barua za watu wazima nayaona mara nyingi zaidi kuliko hilo la "I" na "me". Kiswahili huturuhusu kumtaja mtu mara mbili: katika "nilimwona Juma" yumo Juma na imo "mw" yake. Kiingereza hakikubali jambo hilo. Ndiyo maana "baba yangu yeye ni mwalimu" hugeuka "My father he is a teacher", na "barua uliyoituma" hugeuka "the letter which you sent it", ilhali "which" imekwisha kuifanya kazi ya "it". Kinyume chake hutokea pia: kwa kuwa "imefika" ni sentensi kamili kwetu, mtu huandika "Has arrived" akaisahau "it". Lililo baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kumwita mteja wa kike "he" katikati ya barua, kwa sababu "a" ya "amelipa" haibagui mwanamke na mwanamume. Mteja anaweza kuisamehe "I" iliyokosewa, lakini hili ataliona kuwa dharau.

Kuhusu "whom", ambayo ni umbo la yambwa la "who", usihangaike sana. Katika mazungumzo "who" inatosha. Katika barua rasmi iandike baada ya kihusishi, kama katika "To whom it may concern" ambayo bila shaka unaichapa kila wiki. Vivyo hivyo, "It is I" waachie wanasarufi wa zamani. Sema "It's me", na hakuna atakayekulaumu.

Ile ripoti ya mwezi uliyoitaja nitumie rasimu yake kabla hujaikabidhi, nami nitaipitia nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nisalimie shemeji na mama, umwambie mama kwamba dawa yake nimeipata na nitaituma kwa basi la Ijumaa.

Ni mimi rafiki yako,
Rehema