Barua kwa mwalimu wa Kigoma: uga wa umeme wa mkondo unaobadilika

Ng'ambo, Tabora

Mwalimu wangu,

Salaam. Natumaini hamjambo nyote hapo Mwanga na mgebuka bado wanafika sokoni. Huku maembe yamekwisha, asali ipo.

Umeuliza ununue programu gani ili wanafunzi wauone uga wa umeme unaozaliwa pale mkondo wa koili unapobadilika. Usinunue kitu. Laptopu yenye Python (lugha ya kuandikia programu) na NumPy (nyongeza yake ya hesabu) inatosha, na kwa duara moja la waya hata jedwali la Excel linatosha. Wengi hukimbilia programu za mawimbi zinazogawa nafasi kuwa vichemba na kutembeza muda hatua kwa hatua. Kwa 50 Hz huko ni kujitesa: kichemba cha milimita 1 kinadai hatua ya muda isiyozidi kama pikosekunde 1.9, na mzunguko mmoja wa milisekunde 20 unakula hatua bilioni kumi. Tena bila faida, maana wimbi la 50 Hz lina urefu wa km 6,000, na reli yote ya Dar hadi Kigoma ni kama km 1,250 tu. Kwenye meza ya maabara, uga unaufuata mkondo papo hapo.

Kwa hiyo tenganisha umbo na muda. Umbo la koili halibadiliki. Kinachobadilika ni ampea. Kata waya vipande vidogo. Kwa kila kipande chukua urefu wake pamoja na mwelekeo, gawa kwa umbali kutoka kipande hadi pale unapopima, kisha jumlisha vyote na uzidishe kwa 0.0000001. Jibu hilo ni potenshali ya sumaku kwa ampea 1, nami naliita a. Unalikokotoa mara moja tu. Uga wa umeme ni a kuzidisha kasi ya kubadilika kwa mkondo, ukiweka alama ya kutoa mbele. Ukibadili mkondo, a haiguswi.

Kwenye Excel, duara moja ni mistari 72, kila mmoja nyuzi 5: safu ya pembe, x na y za kipande, mwelekeo wake kwa x na kwa y, umbali, na migawo miwili. Kumbuka Excel inasoma radiani, si nyuzi. Weka vipande juu ya duara lenyewe na upe kila kimoja urefu wa upinde. Ukiunganisha nukta kwa mistari minyoofu, unapata poligoni ambayo eneo lake limepungua kwa asilimia 0.13. Si kosa kubwa, ila ni la bure.

Sasa kipimo cha ukweli, na hapa usiwe na haraka. Chukua solenoidi, yaani koili ndefu kama bomba, ya sentimita 40, mizunguko 400, nusukipenyo sentimita 2, mkondo wa sini wenye kilele cha ampea 2 kwa 50 Hz. Kasi ya juu ya mkondo ni ampea 628 kwa sekunde, na uga sumaku wa ndani hubadilika kwa tesla 0.79 kwa sekunde. Fomula ya kitabuni, ile ya solenoidi isiyo na mwisho, inasema uga wa umeme unakua sawasawa na umbali kutoka kwenye mhimili hadi ufike kwenye waya, kisha nje unapungua kwa kinyume cha umbali. Kwa sentimita 1 kutoka kwenye mhimili, ndani, utapata 3.95 mV kwa mita, na kwa sentimita 4 kutoka kwenye mhimili, nje, ni 3.95 ileile. Programu yako, ikijumlisha maduara yote 400 na ukipima katikati ya urefu, itatoa kama 3.93 ndani na 3.87 nje. Usiihangaikie: solenoidi yako ina ncha. Ikitoa 3.95 kamili nje, hapo ndipo uwe na mashaka, kwani huenda umeingiza fomula ya kitabuni bila kujua.

Ukiona namba zinapaa karibu na waya, hiyo si fizikia mpya. Kipande chako kina urefu wa milimita 1.7, na ukipima milimita 1 kutoka kwake, unagawa kwa umbali mdogo kuliko kipande chenyewe. Usisome chochote ndani ya urefu wa vipande viwili kutoka kwenye waya. Ukitaka kusogea, kata vipande vidogo zaidi.

Muda nao una mtego. Kwa sini, andika kosini moja kwa moja, maana ndiyo kasi ya kubadilika kwa sini. Ukiwa na data ya mkondo, tumia tofauti ya kati: thamani inayofuata toa iliyotangulia, gawa kwa hatua mbili. Ukitumia inayofuata toa ya sasa, na hatua ya 0.1 ms, uga wako unahama kwa karibu nyuzi 0.9. Wanafunzi watashangaa kuona uga uko kileleni pale mkondo unapopita sifuri. Waache washangae kidogo kabla hujaeleza.

Mkondo wa kuwasha ghafla ndio unaoharibu michoro mingi. Usiweke ngazi iliyosimama wima. Hakuna koili inayokubali hivyo. Solenoidi hiyo ina indaktansi, yaani ukaidi wake dhidi ya mabadiliko ya mkondo, ya kama 0.63 mH. Kwa betri ya volti 12 na ukinzani wa omu 6, mkondo unaanza kupanda kwa ampea 19,000 kwa sekunde, mara 30 ya ile sini, na muda wake bainifu, yaani kipimo cha jinsi mkondo unavyotulia haraka, ni 0.1 ms tu. Hatua ya 0.1 ms itauruka ukweli wote. Tumia mikrosekunde 5.

Sakiti lazima ifungwe. Waya ulioachwa wazi kwenye programu unalundika chaji nchani, na chaji hizo zina uga wao ambao jumla yako haikuuhesabu. Hali ni hiyohiyo ukiweka pete ya shaba kwenye koili: ramani yako ni ya hewa tupu. Pete inayokumbatia solenoidi kwa karibu inapata jumla ya 0.99 mV. Ikiwa na mwanya, karibu volteji yote inaonekana kwenye mwanya, na ndani ya shaba uga ni kama haupo. Ndiyo maana mita ya volti inaweza kutoa namba mbili tofauti kwa nukta zilezile mbili, kutegemea nyaya zake zimepita upande gani wa koili.

Ukipata 3.93 na 3.87, nitumie faili kabla hujaanza kuchora mishale. Nami nitaangalia alama ya kutoa, kwa sababu hiyo husahaulika na mishale yote inazunguka kinyume.

Wako,
fundi wa Ng'ambo