Tulipu: baridi kwanza, maji baadaye

Habari zenu wapendwa. Wengi mmeuliza kwa nini tulipu zinatoa majani tu bila ua. Mara nyingi ni baridi haikutosha. Matunguu yake, yaani yale yanayofanana na vitunguu ambayo hupandwa, yanataka wiki 12 hadi 16 ndani ya friji, nyuzi 2 hadi 9 za Selsiasi, kwenye mfuko wa karatasi, mbali kabisa na matufaha: gesi ya matunda yanayoiva huua ua likiwa bado changa ndani ya tunguu.

Mnaootesha kwenye maji: maji yaishie chini kidogo ya kitako cha tunguu, kikilowa kinaoza. Badilisheni kila wiki. Mnaopanda kwenye udongo: ncha juu, kina cha sentimita 15 hivi, basi. Mimi niko upande wa udongo. Tunguu la majini huchoka, mara nyingi halichanui tena.

Picha za mizizi zitumeni hapa hapa, hata za yaliyooza.