YAH: Kompyuta Zinazokataa Makarani, na Akaunti Moja Mliyotuachia

Ofisi ya Mhasibu,
Chama cha Msingi cha Ushirika,
Tandahimba, Mtwara.

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mtwara Mjini.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepiga simu mara 6 na fundi wenu amekuja mara 2. Sasa naandika, kwa sababu kila nikipiga napokewa na mtu mpya na naanza kueleza upya.

Kabla ya msimu mlitufungia seva 1, yaani mashine kuu inayotunza majina na manenosiri, na kompyuta 4. Makarani wetu ni 9 na wanapokezana. Anayepima korosho asubuhi siye anayeingiza kilo jioni. Ndiyo maana tulilipia mfumo ambao kila karani ana jina lake na nenosiri lake, na anaweza kukaa kwenye kompyuta yoyote.

Jumatatu, baada ya umeme kukatika usiku, kompyuta 2 zilikataa kila mtu. Ujumbe kwenye skrini ulisema saa ya kompyuta na saa ya seva zinatofautiana. Niliusoma neno kwa neno kwenye simu. Kijana aliyepokea akasema karani amesahau nenosiri, akambadilishia akiwa huko huko Mtwara. Haikusaidia, akabadilisha tena. Kufikia Jumatano makarani 5 walikuwa na manenosiri mapya wasiyoyaomba, na 2 kati yao akaunti zao zilijifunga kwa sababu walijaribu yale ya zamani mara nyingi.

Karani yule yule, kwa nenosiri lile lile, alikuwa anaingia vizuri kwenye kompyuta ya dirishani, akihamia ya mlangoni anakataliwa. Angekuwa amesahau nenosiri, si angekataliwa kote? Tena ile ya mlangoni ukichomoa waya wa mtandao ilimkubali, kwa kumbukumbu iliyojiwekea siku alizoingia nyuma. Haya yote niliyasema kwenye simu na hakuna aliyeyaandika.

Aliyetusaidia ni mwalimu wa kompyuta wa sekondari ya jirani, bila malipo. Alitazama saa kwenye kona ya skrini: ilionyesha mwaka 2019. Akatueleza kwamba betri ndogo ya kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, imekufa, hivyo umeme ukikatika saa inarudi nyuma, na seva kwa mpangilio wake wa kawaida haikubali kompyuta iliyopishana nayo kwa zaidi ya dakika 5. Alirekebisha saa kabla Windows haijawaka, na makarani wote wakaingia. Umeme ulipokatika tena, tukarudi pale pale.

Ndipo fundi wenu akaja mara ya pili. Hakuja na betri. Alifuta majina ya makarani wote, akatengeneza akaunti moja inayoitwa "ofisi" ndani ya kila kompyuta, akabandika nenosiri ukutani na kusema hatutasumbuka tena. Kisha akatuachia ankara ya shilingi 150,000.

Ijumaa mkulima alileta risiti yake ya mizani, kilo 412. Kwenye mfumo zipo 142. Kilo 270 za mtu aliyepalilia na kuokota mwaka mzima! Nilipotafuta nani aliingiza, mfumo ulijibu: ofisi. Ofisi ni nani? Huenda kidole kiliteleza tu, lakini sina namna ya kujua, na makarani 9 waaminifu sasa wanatazamana kwa mashaka. Tumemrekebishia kwa sababu alitunza karatasi yake. Aliyepoteza risiti nitamjibu nini, wakati orodha ya malipo inayokwenda benki inatoka humo humo?

Naomba majina ya makarani wote 9 yarudishwe na akaunti ya "ofisi" ifutwe. Kompyuta zote zichukue saa kutoka kwenye seva, na seva yenyewe iwe na saa sahihi. Nenosiri la msimamizi, ambalo mpaka leo mnalo ninyi peke yenu, mkabidhini Mwenyekiti wetu kwa maandishi ndani ya bahasha iliyofungwa. Ankara ya safari ya pili hatutailipa, na ya kwanza, ambayo tulishailipa, tunaomba mturudishie, kwa kuwa zote mbili hazikugusa tatizo.

Fundi atakayekuja aje na betri 4 za CR2032 na akague mashine zote, pamoja na zile 2 ambazo bado hazijasumbua. Mnada unaofuata ni wiki ijayo, hivyo nahitaji jibu kabla ya Jumatano saa 6 mchana. Kuanzia leo kila kilo inaandikwa pia kwenye daftari, na kila karani anasaini mstari wake.

Wako,

Mhasibu wa Chama
Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Chama