Kwa mpwa wangu uliyeko Kaunas: shule iliyotoa noti tatu

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Uliniuliza kwa nini Walithuania wanaishikilia lugha yao kiasi kile, hata mkia mdogo chini ya herufi ukiusahau mwalimu wako anakurudisha. Jibu lake ni refu kuliko ujumbe wa simu. Nimeliandika hapa hadharani kwa sababu vijana wetu mnaosoma upande huo wa Ulaya mko wengi, na kila siku mnapita kwenye mitaa yenye majina ya watu ambao hakuna aliyewaeleza ni akina nani.

Anza na fedha. Kabla ya euro kuingia tarehe 1 Januari 2015, Lithuania ilitumia litas. Noti ya 5 ilikuwa na picha ya Jonas Jablonskis, mtaalamu wa lugha. Noti ya 50 ilikuwa na Jonas Basanavičius, daktari. Noti ya 500 ilikuwa na Vincas Kudirka, daktari mwingine, ambaye ndiye aliyetunga maneno na muziki wa wimbo wao wa taifa. Wote watatu walisoma shule moja ya sekondari, tena ya mji mdogo: Marijampolė, mwendo wa kilometa 60 hivi kusini-magharibi mwa hapo ulipo. Basanavičius alimaliza mwaka 1873. Jablonskis na Kudirka walimaliza mwaka mmoja, 1881. Miaka sita baadaye akamaliza Kazys Grinius, daktari wa tatu, aliyekuja kuwa Rais wa nchi mwaka 1926.

Ukisoma vijitabu vya sherehe za shule utaambiwa ni sifa za walimu na bidii za wanafunzi. Sikatai. Lakini shule kama hiyo zilikuwa nyingi katika himaya ya Urusi, zote zikifuata mtaala mmoja, na nyingi hazikutoa kitu cha namna hii. Mimi nashikilia kwamba Marijampolė ilizaa ilichozaa kwa sababu ya sheria nne zilizotungwa kwa makusudi mengine kabisa. Zishike hizo nne, mengine yatakaa sawa yenyewe.

Ya kwanza ni ya shambani. Eneo lile la ng'ambo ya mto Nemunas, wanaloliita Suvalkija, liliangukia chini ya Napoleon mwaka 1807, likawekwa katika dola dogo la Warsaw. Huko mkulima aliachiwa uhuru wa mwili wake mwaka huohuo: aliweza kuhama, kushtaki, kuweka mkataba. Ardhi hakupewa, na hilo lilikuwa jeraha lililodumu hadi amri ya mwaka 1864. Hata hivyo, linganisha na Walithuania wa upande wa Vilnius na Kaunas, ambao walibaki wamefungwa kwenye mashamba ya mabwana hadi 1861. Suvalkija ilitangulia kwa zaidi ya miaka 50. Ndiyo maana ulipofika wakati wa kupeleka mtoto sekondari, mkulima wa huko alikuwa na nafaka ya kuuza na mazoea ya kujipangia mambo yake. Basanavičius, Jablonskis, Kudirka na Grinius wote ni watoto wa wakulima.

Ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Mwaka 1863 Wapolandi na Walithuania waliinuka dhidi ya Tsar wa Urusi, wakashindwa. Petersburg, makao ya serikali ya Tsar, ikaamua kwamba adui ni lugha ya Kipolandi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa lugha ya mabwana, ya mapadri na ya kila aliyetaka kuonekana msomi. Kwa Walithuania wa Vilnius na Kaunas dawa ilikuwa Kirusi kitupu. Kwa Suvalkija, iliyotawaliwa kama sehemu ya Poland, wakajaribu dawa nyingine: waache vijana wa wakulima wasome Kilithuania kidogo, ili wajitenge na Wapolandi. Mwaka 1866 kikafunguliwa chuo cha ualimu Veiveriai, kijiji kilichopo kati yako na Marijampolė. Mwaka 1867 shule ya wilaya ya Marijampolė ikapandishwa kuwa gimnazija, yaani shule kamili ya sekondari, ya wavulana. Ndani yake Kilithuania kikawekwa kama somo la hiari, vipindi vichache kwa wiki, wakati upande wa Vilnius na Kaunas hakikuwa na mlango kabisa.

Usidhani basi kwamba ilikuwa shule ya Kilithuania. Kila kitu kilifundishwa kwa Kirusi. Kwa sheria ya shule za sekondari ya mwaka 1871, ukijumlisha vipindi vya wiki vya madarasa yote manane unapata 206. Kati ya hivyo Kilatini kilichukua 49 na Kigiriki cha kale 36. Yaani karibu asilimia 41 ya masomo yote ni lugha mbili zisizo na msemaji hai. Wizara ilidhani sarufi ya kale itawazuia vijana wasifikirie siasa. Ikawa kinyume. Kijana aliyepigishwa miaka minane ya kunyambua nomino za Kilatini, huku nyumbani anazungumza lugha yenye mfumo wa vikomo, yaani miisho ya maneno inayobadilika, unaofanana nayo, alitoka akiwa na zana zote za kuichambua lugha ya mama yake. Jablonskis alikuwa mwalimu wa Kilatini na Kigiriki kabla hajajulikana kwa jambo jingine lolote.

Ngazi za shule nazo zilikuwa na milango ya pembeni. Aliyefika darasa la nne aliweza kutoka akaingia seminari ya mapadri, au akaanza uanagenzi katika duka la dawa. Hapo ndipo shule ilipopoteza wengi, maana mzazi wa Kikatoliki alitaka padri nyumbani kuliko kitu kingine. Wazazi wa Basanavičius walikuwa wameweka nadhiri kwamba mtoto huyo atakuwa padri. Yeye akamaliza sekondari na kwenda zake Moscow. Kudirka alipelekwa seminari ya Sejny mwaka 1877, akafukuzwa mwaka 1879, akarudi Marijampolė kumalizia.

Ya tatu ni fedha. Serikali ilitenga nafasi 10 za ufadhili wa chuo kikuu kwa vijana wa Kilithuania wa upande huo wa Poland, kila moja rubo (fedha ya Urusi) 360 kwa mwaka, yaani rubo 30 kwa mwezi. Nafasi 10 ni chache, lakini fikiria maana yake kwa kijana wa mkulima: kwa mara ya kwanza kujiandikisha kuwa Mlithuania kulikuwa na faida mfukoni. Basanavičius aliipata moja.

Na ya nne ndiyo iliyofunga mtego kwa upande usiotarajiwa. Mlithuania Mkatoliki akishamaliza chuo, kazi ya serikali ndani ya nchi yake hakupewa, ualimu ukiwemo. Kazi alizoweza kufanya nyumbani bila kibali cha mkubwa zilikuwa chache: upadri, uwakili, udaktari. Wewe unayesomea udaktari hapo Kaunas utaelewa sasa kwa nini kila sanamu ni ya daktari. Basanavičius mwenyewe ilibidi aende kutibu watu Bulgaria. Jablonskis hakuutaka udaktari, na alilipa. Alimaliza Moscow mwaka 1885, akarudi Marijampolė akawa anafundisha watoto majumbani na kufanya ukarani wa mahakama, hadi mwaka 1889 alipopata nafasi Jelgava, ambako leo ni Latvia. Mwaka 1896 shule hiyo ya Jelgava ilichafuka kwa sababu ya sala: wanafunzi Wakatoliki walikataa kusali kwa Kirusi, 33 wakafukuzwa, mmoja wao Antanas Smetona aliyekuja kuwa Rais wa kwanza. Jablonskis akahamishiwa Tallinn, ambako leo ni Estonia.

Sasa turudi kwenye herufi, maana ndilo swali lako.

Huku shule ikiruhusu vipindi vile vichache, serikali hiyohiyo ilikuwa imepiga marufuku kuchapa Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Marufuku ilianza 1864 na kuondolewa 1904, miaka 40 kamili. Kilichoruhusiwa ni Kilithuania kwa herufi za Kirusi. Watu wakavikataa vitabu hivyo, kwa kuwa waliona ni hatua ya kwanza ya kuwaondoa kwenye Ukatoliki. Wakawa wananunua vitabu vilivyochapwa Prusia, upande wa Ujerumani ng'ambo ya mpaka, vikivushwa usiku na watu waliobeba mizigo mgongoni. Aliyekamatwa alipigwa faini, akafungwa au akapelekwa Siberia. Marijampolė ilikuwa karibu na mpaka huo, kwa hiyo mwanafunzi alisoma Kirusi darasani mchana na kitabu cha magendo chini ya blanketi usiku.

Lakini usifikiri kila mwanafunzi alikuwa shujaa. Kudirka mwenyewe aliandika baadaye kwamba alipokuwa gimnazija, hisia ya kujilinda ilimwambia asiongee Kilithuania, na achunge mtu asije akagundua kwamba baba yake anavaa sermėga na anajua Kilithuania tu. Sermėga ni koti zito la sufu iliyofumwa nyumbani, vazi la mkulima. Nataka uitazame picha hiyo polepole: somo la Kilithuania lipo kwenye ratiba, ufadhili upo, na kijana atakayetunga wimbo wa taifa anaona haya kwa sababu ya koti la baba yake. Kilichombadilisha hakikutoka darasani. Ni gazeti, *Aušra*, lililoanza kuchapwa Prusia mwaka 1883, mhariri wake wa kwanza akiwa Basanavičius. Lilidumu hadi 1886. Kudirka akaanzisha na wenzake gazeti jingine, *Varpas*, mwaka 1889, na humo mwaka 1898 ndimo alimochapa wimbo wake. Mwaka uliofuata akafariki kwa kifua kikuu, umri wake miaka 40.

Ukipata kuona toleo la kwanza la *Aušra*, soma kichwa chake herufi kwa herufi. Kimeandikwa *Auszra*. Sauti yetu ya "sh" waliiandika "sz" kwa mtindo wa Kipolandi, na "ch" wakaiandika "cz". Katika miaka iliyofuata wakaacha hizo, wakachukua š na č za Kicheki, na w ikawa v. Sababu ni hiyohiyo ya sheria ya pili: hawakutaka kuonekana tawi la Kipolandi. Jablonskis ndiye aliyeikusanya kazi hiyo yote katika sarufi ya mwaka 1901, iliyochapwa Tilsit ng'ambo ya mpaka kwa jina la bandia, Petras Kriaušaitis. Alichagua lahaja ya kwao Suvalkija iwe msingi wa lugha sanifu, kama Kiunguja kilivyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu chetu. Leo wana herufi 32.

Ule mkia unaokusumbua una kazi. Mokykla ni shule. Mokyklą, yenye mkia, ni shule inayotendewa jambo: umeiona, umeijenga. Mokykloje ni shuleni, na hapo wewe Mswahili una bahati, kwa sababu "-ni" yetu imekuzoesha mahali kukaa mwishoni mwa neno. Mokyklų, yenye mkia chini ya u, ni "ya shule" zikiwa nyingi. Ukiangusha mkia, msomaji hajui tena nani anamfanya nini nani.

Jina la shule yenyewe linakufundisha hilo. Leo inaitwa Rygiškių Jono gimnazija. Rygiškiai ni kijiji alikokulia Jablonskis, na "Rygiškių Jonas", yaani Jonas wa Rygiškiai, ni jina alilotumia kwenye sarufi yake ya mwaka 1922. Ile "wa" yetu, wao wameificha ndani ya ų. Shule imechukua jina la bandia la mwanafunzi wake badala ya jina lake halisi, na mimi naona walichagua vizuri.

Mambo mengine nayapitia haraka. Wasichana hawakuwa na nafasi gimnazija ya Tsar. Walipata progimnazija yao, yaani sekondari ya madarasa ya chini, Marijampolė mwaka 1907, iliyofunguliwa na chama cha elimu cha Žiburys. Kilithuania kuwa lugha ya kufundishia kulisubiri Warusi waondoke katika vita vya kwanza vya dunia. Na si kila aliyepita pale alielekea upande mmoja: Vincas Mickevičius-Kapsukas, kiongozi wa wakomunisti, naye alisoma hapo, na kuanzia 1955 hadi 1989 mji mzima uliitwa Kapsukas.

Ukipata nafasi ya mwisho wa juma, panda basi uende. Kabla hujaondoka, tafuta kwa wauza sarafu wa Kaunas noti ya zamani ya litas 5, igeuze nyuma. Kuna sanamu ya Petras Rimša ya mwaka 1906, *Vargo mokykla*, shule ya dhiki: mama anasokota uzi, mtoto amesimama kando yake anafundishwa kusoma. Mbele Jablonskis, nyuma mama huyo. Ukifika mjini, baada ya kuiona shule, shuka hadi mto Šešupė. Maji hayo yanateremka hadi Kudirkos Naumiestis, mji wa mpakani alikozikwa Kudirka, na ng'ambo yake ndiko vitabu vilikokuwa vinatokea.

Mjomba wako