Dada, mtoto ameomba chuo, imebaki karatasi moja tu

Dada shikamoo. Najua utauliza kwanini sijapiga simu, lakini si unajua tukifika kwenye habari za marehemu shemeji wewe unanyamaza, mimi nanyamaza, alafu tunaishia kuongelea bei ya mpunga. Kwahiyo naandika, na nimeamua kuandika wazi maana mwaka huu nimeona wazazi wengi wako kwenye hali kama yako na hakuna anayewaambia.

Mwanao alifika kwangu Morogoro Alhamisi jioni na dirisha la maombi la awamu ya kwanza lilikuwa linafungwa Ijumaa saa sita usiku. Alivyoshuka kwenye basi akaniambia mjomba usiwe na wasiwasi, nimeshaombewa steshenari huko Ifakara, imebaki kuangalia tu. Nikamuamini. Ijumaa nimetoka kazini tumekaa na laptop, tunaingiza namba yake ya mtihani wa fomu foo kwenye sistimu ya chuo alichoombewa, inajibu namba hii imeshasajiliwa. Paswedi? Haijui. Imeili? Sio yake. Namba ya simu? Ya yule kijana wa steshenari.

Dada, nilihisi baridi. Yule kijana kawaombea watoto wengi, wote kwa imeili yake na simu yake, paswedi kaziandika kwenye daftari lililobaki dukani, na duka kashafunga. Tumempigia mara sita, mwanao anazunguka tu sebuleni, kapokea saa tatu na nusu. Namshukuru alipanda bodaboda usiku ule akaenda kufungua duka akatusomea. Lakini elewa hii ishu vizuri, maana mdogo wake naye yuko fomu faivu: mtoto akichaguliwa chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe anakwenda wapi, na namba ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwa meseji kwenye ile namba ya simu iliyojazwa. Ingeenda kwa kijana wa watu, katikati ya meseji za watoto wengine wote, na mwanao angekaa nyumbani anasubiri. Kuchapiwa sawa, ila namba na imeili ziwe za mtoto mwenyewe.

Basi tumeingia ndani tukakuta chaguo la kwanza udaktari, la pili famasia, la tatu maabara.

Hapa naomba unisikilize taratibu. Najua ulifurahi matokeo yalivyotoka mwezi wa saba, divisheni tuu, na ni matokeo mazuri kweli, nilimpongeza na narudia. Lakini zile pointi 12 ni hesabu ya NECTA, baraza la mitihani, ambapo ukiwa na chache ndio bora. Chuo wanahesabu kinyume, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mwanao ana C ya Baiolojia, D ya Kemia, E ya Fizikia, yaani 3 na 2 na 1. Kima cha chini cha kuingia digrii ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili ya fomu siksi aliyofaulu kuanzia E kwenda juu, zenye jumla ya 4, hapo amepita. Ila kupita kima cha chini sio kupata nafasi. Kila kozi ina vigezo vyake kwenye mwongozo wa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, na udaktari wanaomba watoto wenye A na B kibao, wanachukua kuanzia juu wanashuka mpaka nafasi ziishe. Mtu akijaza machaguo ya namna ile peke yake anaweza kukosa kabisa wakati angepata kozi nzuri kwingine.

Nikamuuliza, hivi wewe mwenyewe unataka kusoma nini? Akasema udaktari. Nikamuuliza tena bila mama, bila mimi. Akainuka akaenda kunywa maji, kakaa jikoni mda mrefu mpaka nikadhani analia, na saa zinakwenda.

Aliporudi akaanza kuniambia habari za kimyanga, ule ugonjwa wa mpunga. Ule mwaka mpunga wa bondeni uligeuka njano ukadumaa na wewe ukavuna magunia ya kuhesabu kwa vidole. Kumbe alikuwa anazunguka jaruba kwa jaruba anaangalia mashina gani yamepona, la nani lilipandwa mbegu ya saro na la nani supa, nani alipanda mapema nani alichelewa, kaandika yote nyuma ya daftari lake la Baiolojia. Daftari analo, alikuja nalo kwenye begi! Dada mimi sijawahi kumsikia huyu mtoto akiongea dakika kumi mfululizo. Anataka kusoma kilimo cha mazao, hapa hapa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, chini ya Uluguru.

Nikasema sasa kwanini hukusema? Akaniambia alimuahidi baba yake pale hospitali.

Na wewe ulikuwepo. Ulinisimulia mwenyewe, shemeji kamshika mkono akamwambia utakuwa daktari utibu watu, na mtoto alikuwa na miaka kumi na mbili. Sidhani shemeji alikuwa anamfunga. Nilimjua yule mtu, alikuwa mtu wa shamba kuliko sisi wote, alikuwa anatafutia mtoto neno la kushika usiku ule. Mwanao kaniruhusu nikuambie maana yeye kashindwa, kila akitaka kusema anakuona unavyowaambia majirani daktari wangu huyo, basi anameza.

Saa nne na nusu ndio tumefungua akaunti mpya SUA, kwa simu yake na imeili yake. Mtandao ulikuwa mzito, kila mtu nchi nzima yuko humo usiku ule, ukurasa unazunguka tu, kontro namba ya kulipia ikachelewa mpaka nikaanza kuomba kwa sauti. Picha ya paspoti ikakataliwa kwa ukubwa, tukaipunguza fasta. Saa tano na dakika arobaini ikaandika maombi yamepokelewa. Ile akaunti ya udaktari hatukuifuta, tumebadilisha namba ya simu tu, usije kusema nimemzibia mtoto. Wakimchukua huko atachagua mwenyewe.

Sasa ada, na hapa ndipo ninapokuhitaji. Bila mkopo hatuwezi, mimi nina wangu wawili sekondari na wewe una shamba. Maombi ya Bodi ya Mikopo ni kitu kingine kabisa na cha chuo, yana ada yake 30,000, hiyo nimeshalipa. Cheti chake cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, wale wa vizazi na vifo. Mdhamini utakuwa wewe, namba yako ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, nimeipata. Fomu itaprintiwa, itasainiwa na serikali ya kijiji na kwa hakimu au wakili, iskaniwe irudishwe kwenye sistimu. Hayo yote naweza.

Kisichopo ni cheti cha kifo cha shemeji. Mtoto ni yatima, lakini kwa Bodi yatima ni yule mwenye cheti kilichohakikiwa. Kile kibali cha mazishi peke yake sio cheti. Ukiacha hapo wazi wanamuhesabu kama mtoto mwenye baba anayemlipia.

Nimejua kwanini hujakifuata mda wote huu, wala sikulaumu. Kwenda pale dirishani kutaja jina lake kamili na tarehe, mbele ya watu kwenye foleni, mimi mwenyewe sijui ningewezaje. Nilipaswa kwenda na wewe toka mwaka ule ule na sikwenda, na hilo linaniuma. Hata miaka ikipita wanaandikisha, ila wanataka ushahidi.

Jumatano nimeomba ruhusa kazini. Nakuja na basi la asubuhi, tutaenda wote ofisi ya mkuu wa wilaya, wewe utakaa kwenye benchi mimi ndio ntaongea na karani. Naomba utoe zile karatasi za hospitali na kibali cha mazishi, nadhani ziko kwenye sanduku chini kabisa, ulizifunga kwenye kile kitenge chake alichokuletea kutoka Mikumi. Kama ni ngumu kulifungua sanduku peke yako liache, tutalifungua nikifika.