Umoja usiwe pazia la kufichia maovu

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa za viongozi wa dini wanaotuhumiwa kuwadhulumu waumini wao. Kila jambo kama hili linapofichuka, kauli ya kwanza huwa ile ile: tusiliaibishe kanisa, tulinde umoja. Wasemao hivyo hunukuu Mathayo 18, kwamba ndugu aonywe faraghani. Husoma aya moja wakaishia hapo. Aya zinazofuata zinataka mashahidi, kisha kanisa liambiwe. Na mapema katika sura hiyo hiyo kuna onyo kali kwa anayewakosesha wadogo. Hilo halitajwi.

Umoja wa namna hii anatwishwa aliyeumizwa peke yake, na inauma kuona mara nyingi ndiye anayelihama kanisa. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliwataka mapadri na watawa watoe taarifa za unyanyasaji wa kingono kwa wakuu wa Kanisa. Ni hatua njema, ila haitoshi penye jinai. Naomba kila dhehebu liunde jopo la watu wasio chini ya mtuhumiwa, asimamishwe huduma uchunguzi ukiendelea, na jinai ipelekwe polisi bila kusubiri kikao cha wazee.

Muumini na msomaji wenu